Nukta na Duara

Mtu aulizaye njia hupenda jibu fupi. Simu humpa jibu hilo: nukta ndogo juu ya ramani. Lakini kuizunguka nukta hiyo simu huchora duara, na wengi huitazama nukta wakalipuuza duara. Maana ya duara ni hii: upo mahali fulani humu ndani, zaidi ya hapo chombo hakina hakika.

Kazi ya kukusanya majina ya mahali hunipeleka katika milima ya Uluguru. Huko chemchemi mbili zilizo jirani huweza kuwa na majina mbalimbali, na kila jina lina kisa chake. Nukta ikihama hatua kumi, jina la chemchemi moja hupewa nyingine, na wajukuu watarithi uwongo ulioandikwa vizuri.

Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Simu hupima muda wa safari ya mawimbi kutoka kwa setilaiti nne au zaidi, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Hata Mei 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi waliyoachiwa raia. Siku hizi, chini ya mbingu wazi, simu huweza kukaribia mita 5. Walakini majani ya msitu huyadhoofisha mawimbi, majabali huyarudisha mfano wa mwangwi, na anga ya juu, yenye msukosuko zaidi pande za ikweta, huyachelewesha. Simu zipokeazo mawimbi ya namna mbili kutoka setilaiti moja, zilizoanza kuuzwa mwaka 2018, huukadiria ucheleweshaji huo na kuupunguza.

Mwenye simu hiyo na asiye nayo wote hawana budi kuwa na subira. Mtu na apakue ramani kabla ya safari. Azime hali ya kubana betri. Asimame penye uwazi, mbali na jabali. Angoje duara lisinyae. Achukue vipimo kadhaa kwa nyakati mbalimbali, kisha atafute wastani. Penye miti mingi aandike nukta pamoja na upana wa duara. Halafu amwulize mwenyeji: "Shikamoo, babu. Ni chemchemi hii au ile?"

Wanafunzi wangu huona haya kuandika neno "labda" katika daftari zao. Mimi huwataka waone haya kulificha.