Msala wa Bibi

Bibi yangu alifariki usiku, akazikwa adhuhuri. Basi la kutoka Dar es Salaam lilinifikisha Tanga alasiri, nikakuta udongo mbichi. Mimi niliyeacha kusali miaka mingi sikuwa na hata dua ya kumsomea.

Mama mdogo akanipa msala wake wa ukindu, umechakaa mahali pa magoti na pa paji la uso. "Kila alfajiri alimaliza tasbihi, punje zote 99," akasema, "kisha akakutaja wewe kwanza."

Hakuwahi kunigombeza. Aliniuliza tu, "Umekula, mjukuu wangu?" Kumbe yaliyobaki alikuwa akimpelekea Mola wake.

Alfajiri ya leo niliutandika chumbani kwangu, nikakaa juu yake, nikamtaja yeye.