Ukienda Kampala ule nini, uache nini

Nimepotea kidogo, boom lilichelewa halafu kazi za makundi zikafuatana, mnajua wenyewe. Sasa wenzetu wa mwaka wa pili wanakwenda Kampala mwezi huu wa Novemba kwa safari ya mafunzo, na kila anayenikuta kantini ananiuliza lilelile: kule wanakula nini? Sisi tulikwenda mwaka jana mwezi wa tano, siku nne, hela ya kuhesabu. Mshikaji mmoja kwenye msafara wetu alikunywa juisi ya barafu pale stendi siku ya kwanza tu, basi Kampala yake yote akaionea chooni. Siku nne, tatu zimekwenda na maji! Kwa hiyo someni kabla hamjapanda basi.

Tuanze na lugha ya mezani. Ukisikia "leo kuna posho" usitafute karatasi ya kusaini... posho kwao ni ugali! Halafu sisi mgahawani tunaanza na wali au ugali, ndipo tunauliza kwa nini: maharage, nyama au samaki. Wao wamegeuza. Mama anakuuliza unataka mchuzi gani, basi. Ukishachagua mchuzi, "chakula" kinakuja chenyewe: matoke, posho, wali, viazi vitamu, mihogo, pengine na kipande cha boga, vyote sahani moja. Bei inafuata mchuzi uliochagua. Mwanachuo hapo ndipo pa kupiga hesabu, maana sahani ya maharage na sahani ya kuku mlima ni uleule, tofauti ni kile kibakuli cha pembeni.

Na mchuzi wa kuchagua ni binyebwa, yaani karanga. Zinasagwa, zinapikwa taratibu mpaka mchuzi unakuwa mzito wenye rangi ya waridi hivi. Ukimwagia juu ya matoke, jamani! Matoke ya kule siyo ndizi nyama yetu ya Dar, wala siyo za Bukoba zinazochemshwa na maharage zikiwa vipande. Ndizi zinamenywa, zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinapikwa kwa mvuke, halafu zinakandwa humohumo ndani ya jani na kurudishwa jikoni. Zinatoka laini, za njano, zinanukia jani. Sharti zije zikifuka moshi, zikipoa zinakuwa ngumu na hamu inaisha. Ila wewe ambaye karanga zinakudhuru, uliza kila sahani kabla hujagusa, maana kule karanga zinaingia hata kwenye mboga za majani na kwenye samaki wa kukausha. Uliza, usione haya.

Kuna pia luwombo: kuku, nyama au karanga zinafungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, zinaiva kwa mvuke na mchuzi wake humohumo. Wanasimulia kwamba kilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga miaka ya 1880. Bei imesimama kidogo. Changeni wawili, kuleni mara moja, msilale na deni rohoni.

Sasa rolex. Saa? Hapana bwana. Ni chapati na mayai. Pale Wandegeya, chini kidogo ya Makerere, jioni utakuta vijana wamejipanga na chuma lao la moto. Anavunja mayai kwenye kikombe, anatia kabichi, kitunguu na nyanya, anakoroga, anamwaga kwenye chuma, anafunika na chapati, anakunja. Ndiyo maana ya jina, mayai yaliyokunjwa, kwa Kiingereza cha haraka haraka. Sisi ya mayai mawili tuliuziwa kati ya shilingi 2,000 na 3,000 za kwao, na shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu. Wanaiheshimu mpaka mwaka 2021 Raymond Kahuma na wenzake wakatengeneza moja ya kilo zaidi ya 200 ikaingia kwenye kitabu cha Guinness. Mimi kwa usalama wa tumbo naiamini rolex kuliko bufee yoyote ya hoteli, maana unaiona ikiiva mbele ya macho yako. Hela ikikata kabisa kuna kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Hiyo ni ya tarehe za mwisho wa mwezi.

Vya kuruka: juisi na barafu ambayo hujui maji yake (nimeshasema). Matunda yaliyokatwa tangu asubuhi yakakaa wazi. Maji ya bomba, nunua ya chupa. Chipsi kuku... sasa umetoka Dar mpaka Kampala kula chipsi kuku? Sato wao anaitwa ngege, mtamu, lakini mtu wa Mwanza anaweza kumwacha tu, ziwa ni lilelile.

Hili nalisema bila utani: msiguse waragi wa kienyeji usio na lebo. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi uliotiwa methanoli. Hata wenyeji hawawezi kuitambua kwa kuonja, sembuse mgeni aliyefika jana. Atakayewaambia "onjeni kidogo tu," mwambieni webale, yaani asante, mwendelee na safari.

Senene mna bahati nao, Novemba ndiyo msimu wao. Wanawanasa usiku kwa taa kali na mabati, wanawatoa mabawa na miguu, wanawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Wahaya hapa hawahitaji mahubiri. Wengine jaribuni wachache, ila kama kamba wa baharini wanakuwasha mwili, achana na senene, mara nyingi anayedhurika na kamba hudhurika na hawa pia.

Mkirudi kwa njia ya Mutukula mtapita Lukaya. Wauzaji watavamia madirisha ya basi na vijiti vya kuku na nyama. Gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma, chukueni bila wasiwasi ikiwa ya moto. Nyama ishikeni kwanza, ikiwa baridi mrudishieni mwenyewe. Na senene wangu wawe wa kukaangwa, siyo wabichi, mzigo utanuka kabla ya Bukoba!