Kompyuta Ndogo Haina Msamaha: Pima Kabla Hujatuma Pesa

Kila wiki lazima msee aniandikie: "Nataka kompyuta ndogo ya kuedit video, ninunue kadi gani ya grafiksi?" Mimi humjibu kwa swali: kasha lako lina nafasi kiasi gani ndani, na pawa saplai yake ni ya wati ngapi? Wengi wananyamaza hapo hapo.

Msimamo wangu ni huu. Ukitaka mashine ndogo, anza na kasha na stima, halafu kadi iwe ya mwisho. Tunafanya kinyume kwa sababu kadi ndiyo inayosifiwa YouTube. Kasha kubwa linakusamehe. Kitu kikizidi sentimita mbili bado kinaingia. Kasha dogo halisamehi hata milimita tano.

Kwa nini nalichukulia hili jambo kwa uzito? Mimi niko Sio Port, hapa Samia. Ziwa liko mbele na Uganda iko pale ng'ambo. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwisha, na sasa natafuta riziki na video: wavuvi wakirudi asubuhi, akina mama wakianika omena, harusi na matanga mtu akiniita. Bajeti ya mashine ilikuwa elfu arobaini, na nusu yake ilikuwa ya mama, pesa ya omena kabisa. Aliponipa alisema, "Mwanangu, hii si pesa ya kujaribia." Kwa hivyo kila kitu kilipaswa kuingiana mara ya kwanza. Ukiagiza kitu Nairobi kikatae kuingia, kukirudisha ni nauli, ni siku nzima, na ni kubishana na muuzaji kama ulikifungua au hukukifungua.

Na kwa nini ndogo? Chumba changu ni kitanda, meza na mlango. Halafu stima ikipotea siku mbili, natia mashine kwa begi, napanda boda, naenda kumalizia kazi kwa rafiki Busia mjini. Kuna watakaosema, si ununue laptop? Laptop ya bei hiyo mara nyingi betri imechoka, na ukihariri kwa saa nzima inakuwa jiko. Pia kadi yake ya grafiksi huwezi kubadilisha baadaye.

Haya, njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kujijengea kutoka sufuri kwa Mini-ITX. Hiyo ni madabodi ya sentimita 17 kwa 17, kipimo kilicholetwa na VIA mwaka 2001. Ina nafasi moja ya kadi na kwa kawaida nafasi mbili za RAM. Pawa saplai yake mara nyingi ni ya aina ya SFX: upana sentimita 12.5, kina 10, kimo 6.35. Uzuri ni kwamba vipimo hivi vinafuatwa na kampuni nyingi, unatoa ya huyu unaweka ya yule. Ubaya ni bei, na kwamba mimi sijaona SFX kwa duka lolote hapa karibu. Ikiungua, kazi inasimama mpaka nyingine ije kutoka Nairobi au Kampala. Kampala kwetu si mbali, na stima yao ni ya volti 240 kama yetu, plagi ni ile ile ya pini tatu. Lakini waranti ukiihitaji, ni wewe utakayevuka mpaka kuifuata.

Njia ya pili ndiyo niliyochagua: mashine ya ofisi ya mtumba, zile wanazoita ex-UK. HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Huja kwa saizi mbili ndogo, na hapa usichanganye. Iliyo ndogo kabisa ni kama kamusi nene. Inatumia adapta ya nje na RAM fupi ya laptop, na kwa kawaida haina pa kuweka kadi ya grafiksi. Ile inayofuata ni kama katoni ya viatu iliyolazwa. Inatumia RAM ndefu ya kawaida, pawa saplai iko ndani, na kuna nafasi ya kadi fupi. Ukinunua RAM ya moja ukapeleka kwa nyingine, umepoteza nauli.

Sasa tuje kwa mtego mkubwa: prosesa. Intel i5-7500 na i5-8500 zote zinakaa kwa soketi inayoitwa LGA 1151. Jina moja, umbo moja. Msee anaona ya kizazi cha 7 ni rahisi, anajiambia, "Nitanunua hii sasa, mwakani niweke ya kizazi cha 8." Haitawaka. Ya kizazi cha 8 inataka madabodi yenye chipseti ya mfululizo wa 300, na zile za zamani ni za 100 na 200. Kwa HP, EliteDesk 800 G3 ni ya kizazi cha 6 na 7, na G4 ndiyo ya kizazi cha 8. Kuingia si kuwaka, watu wangu.

Na tofauti yenyewe si ndogo. i5-7500 ina kiini nne, i5-8500 ina sita. Isitoshe, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, ukiacha chache sana, zinaanzia kizazi cha 8. Kwa hivyo ukionyeshwa mashine ya kizazi cha 6 kwa bei ya kutupwa, usiulize tu bei, uliza imetupwa kwa nini. Ukitumia Linux bado ni kifaa kizuri. Ila jua unachonunua.

Kadi sasa. Kwenye kasha kama hili inaingia ya kimo cha nusu tu, na lazima ije na kile kibati chake kifupi cha nyuma. Pia inakunywa stima kutoka kwa madabodi peke yake, kwa sababu pawa saplai hizi kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kadi. Kiwango cha juu cha nafasi hiyo ni wati 75, na kuna mashine za ofisi zinazoruhusu chini ya hapo, kwa hivyo soma mwongozo wa modeli yako. GT 1030 inataka wati 30, RX 6400 wati 53, GTX 1650 wati 75. Usifikirie ati utabadilisha pawa saplai baadaye: HP na Dell wana umbo lao na plagi zao, ya kawaida ya dukani haichomeki.

Lakini hapa ndipo wengi wanaliwa doo. Sisi tunaotoa video, kazi nzito ni kuibana ile faili mwishoni ili ipandishwe. GT 1030 na RX 6400 hazina kabisa sehemu ya kufanya hiyo kazi. Ziko kwa ajili ya kuonyesha picha na michezo. Na ile grafiksi ndogo iliyo ndani ya i5-8500, UHD 630, inayo, tena inabana H.264 na H.265 pia. Yaani unaweza kulipa maelfu kwa kadi iliyo duni kuliko ulichokuwa nacho bure. Chunga tu prosesa zenye herufi F mwishoni, hizo hazina grafiksi ya ndani.

Muuzaji mmoja alinisukuma sana nichukue kadi. Nilikataa. Nikachukua EliteDesk 800 G4 ya katoni, i5-8500, SSD ya NVMe, na RAM ya GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, kwa sababu grafiksi ya ndani inakopa RAM, na vipande viwili huilisha haraka kuliko kimoja. Hata SSD niliuliza kwanza, maana kuna M.2 ya SATA na kuna ya NVMe, zinafanana kama pacha na si kila tundu hukubali zote. Iliyobaki nikanunua UPS, kwa sababu stima ya hapa inakonyeza.

La mwisho ni joto. Kasha dogo linapumua kwa matundu machache. Sisi tuna vumbi la barabara, na tuna wale wadudu wa ziwani wanaotokea kama moshi na kufuata mwanga usiku. Mashine yangu haikai sakafuni, na kila mwisho wa mwezi naifungua nasafisha feni kwa brashi ya rangi.

Mama aliiona akacheka: "Elfu arobaini ndiyo haka?" Ndiyo haka. Mwezi wa kwanza kalihariri harusi mbili, na sehemu ya pesa yake nimeanza kurudisha.

Kwa hivyo wewe unayetaka kununua, kabla ya kugusa M-Pesa andika mambo matano kwa karatasi: kimo na unene wa nafasi ya kadi, wati za pawa saplai, chipseti ya madabodi, aina ya RAM, na aina ya tundu la SSD. Muuzaji akishindwa kukujibu hata moja, mwambie akupigie picha ya ndani. Akikataa kufungua kasha, shika pesa yako.