Mniombee Mimi Kwanza

Wasee, nina uvimbe kwenye ovari ya kulia. Sentimita saba, kama limau kubwa hivi. Niko na miaka 21, na huenda nikafanyiwa upasuaji mwezi ujao.

Tangu habari itoke, swali ambalo nimeulizwa zaidi ni moja: "Sasa utazaa?" Shangazi ameuliza. Jirani ameuliza. Hata jamaa tuliyesoma naye shule ya msingi, hatujaongea miaka, ameingia inboksi kuuliza. Kwani tumbo langu ni la kamati?

Acha niwaambie nilichoelezwa na daktari, juu mtaani kila mtu ni daktari. Uvimbe mwingi wa ovari kwa wasichana wa rika letu si saratani. Mwingine hujaa maji tu, ukaisha wenyewe baada ya miezi michache. Wangu unaitwa dermoidi, na huo hauishi wenyewe. Ndani huwa na mafuta, nywele, wakati mwingine hata meno. Ndiyo, meno! Kabla useme nimerogwa: ovari ina seli za mayai, na hizo zina uwezo wa kutengeneza karibu kila kitu mwilini. Hakuna mtu amenifanyia kitu, na chai ya tangawizi haitaumaliza.

Hatari yake ni kwamba ovari inaweza kujisokota, damu ikose kufika. Kwa hivyo ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, na unatapika, usingoje kukuche. Enda hosi usiku huo huo. Usikubali kuambiwa "ni kawaida, kila msichana hupitia."

Mpango ni kutoboa matundu madogo, waingize kamera, watoe uvimbe na kuacha ovari ikiwezekana. Na hata ikitolewa moja, ile ingine ikiwa sawa mtu bado anaweza kushika mimba. Haya, swali lenu limejibiwa.

Sasa yangu. Naogopa dawa ya usingizi. Naogopa kuamka na kuambiwa ovari imeenda. Naogopa bili. Sijui hata kama nataka watoto, lakini nataka huo uamuzi ubaki wangu. Na usiku nikilala upande wa kulia, nauhisi, ama nadhani nauhisi.

Mama hajaniuliza lile swali hata siku moja. Yeye hunijazia chupa maji moto, ananifunika, anasema, "Lala, mama. Kesho tutapanga."

Hivyo tu ndivyo mtu husaidiwa. Kama unajua msichana anapitia hii, muulize kama amekula. Muulize nani anamsindikiza kliniki, na kama hakuna, enda naye. Mambo ya watoto ataongea mwenyewe akitaka.

Na mkiniombea, asanteni sana. Lakini mniombee mimi kwanza. Wajukuu wa shangazi wanaweza kungoja.