Simu ya vitufe kwenye meza ya cherehani

Dada zetu wapenzi na mabibi harusi watarajiwa mlioko huko visiwani, sisi tunawaandikia kutoka Mlandege. Msishtuke, si Mlandege yenu ya mjini Unguja yenye timu ya mpira. Hii yetu ni kata ya Manispaa ya Iringa, huku juu kwenye baridi, ambako ukifika mwezi wa saba fundi anashona huku amejifunga blanketi kiunoni. Sisi ni mafundi wawili, mtu na wifi yake, wote tumeshavuka thelathini, wote tuliishia kidato cha nne kisha tukasoma kozi ya ushonaji. Tunashona abaya, magauni ya nikahi na sare za shughuli.

Kuna swali tunaulizwa sana na kina dada wanaoanza biashara ndogo ya nyumbani: ile simu yenu ya vitufe vingi mnaionaje? Maana wanaiona inauzwa mkononi kwa bei ya kutupa. Tumekaa nayo tangu mwisho wa mwaka 2013 mpaka Januari 2019, kwa hiyo tunaweza kuizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mpangaji mwenzake.

Yetu ni Nokia Asha 210 ya laini mbili. Ilitangazwa mwezi wa nne mwaka 2013 kwa bei ya dola 72 kabla ya kodi, na sisi tuliipata kwa pesa isiyofika laki mbili pamoja na mfuko wake. Kioo chake ni inchi 2.4 tu, kamera ya megapikseli 2, haina 3G, ila ina waifai kwa aliye nayo. Chini ya kioo pana vitufe vya herufi zote, Q mpaka M, kama vya kompyuta, na pana kitufe kimoja maalumu cha WhatsApp. Kuna masoko mengine waliwekewa kitufe cha Facebook mahali hapo. Yaani simu iliundwa kwa ajili ya maongezi, mambo mengine yalifuata nyuma. Wakati huo WhatsApp ilikuwa na ada ya senti 99 za dola kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, lakini mwenye simu hii alisamehewa.

Kabla yake tulikuwa tunapokea vipimo kwa kupigiwa. Mteja yuko Mafinga au Njombe au Mbeya, anakusomea huku upepo unavuma: kifua thelathini na nane, kiuno thelathini. Wewe unasikia thelathini na nane kote kuwili. Kwa maandishi kila kitu kinabaki: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono, mzunguko wa pindo. Ukibishana na mteja siku ya kuchukua nguo, unamfungulia maneno yake mwenyewe.

Sasa hivyo vitufe. Watu wa mjini wanacheka vitufe kwa sababu hawashoni. Mkono wa fundi una chaki, una nyuzi, kidole kimoja kina subana, na ncha za vidole vingine zimekomaa kwa sindano mpaka simu ya kugusa haikutambui kama wewe ni binadamu. Baridi ya Iringa ikiongezeka, ndio kabisa. Kitufe hakikuulizi una kidole gani, unakibonyeza kinabonyea. Baada ya miezi miwili tulikuwa tunaandika "njoo uchukue" bila kuangalia, jicho liko kwenye mshono. Tatizo lilikuwa tarakimu, maana zinakaa kitufe kimoja na herufi, na fundi anaandika namba kuliko maneno. Tulizoea. Ila mgeni akiishika simu yetu alikuwa anatuma vipimo vilivyochanganyika na herufi kama namba ya gari.

Chaji ilikaa siku nne na zaidi. Kwa mtaa unaokatiwa umeme hilo lina uzito wake. Laini mbili nazo zilitusaidia kutenganisha, moja ya wateja, moja ya nyumbani, ili pesa ya vifungo isiliwe kwenye nyanya. Kifurushi kidogo kilikaa muda mrefu pia, kwa sababu simu yenyewe haina haraka ya kukimaliza: picha moja ikitumwa unaweza kuingiza uzi kwenye sindano, ukapiga mshono wa bega, ukarudi ukaikuta bado inafunguka.

Kwenye rangi tuwe wakweli, simu hii haikufaa. Biashara yetu nusu yake ni rangi. Bibi harusi akisema damu ya mzee hataki nyekundu, na akisema samawati hataki bluu. Kwenye kioo kile cha inchi 2.4 lesi ya maziwa na lesi ya waridi hafifu zinafanana kama pacha. Tulijiwekea utaratibu tangu mwanzo: picha ni ya kuchagua mtindo, rangi inachaguliwa kwa kipande. Tunakata kipande cha vidole viwili, tunakitia kwenye bahasha, tunampa kondakta wa basi. Anayetuuzia vitambaa Dar es Salaam alikuwa anatucheka, anasema dunia iko kwenye mtandao nyinyi mnasafirisha vitambaa vya kufutia miwani. Acheke. Kitambaa kikishakatwa mita sita hakirudishwi, na Iringa na Dar ni kilomita kama mia tano, hapo katikati kuna Kitonga.

Jambo lililotufanya tuandike barua hii si rangi wala chaji. Ni picha za mabibi harusi wenyewe.

Mnajua ninyi huko mnavyomficha mwari. Anakaa ndani, anasingwa, somo wake yuko naye, na hamtaki jicho la nje limwone kabla ya siku yake. Huku bara tuna kichen pati na sendofu, lakini kwa familia za Kiislamu heshima ni ile ile. Basi gauni linapojaribiwa, msichana amevua mtandio, mikono iko nje, mgongo bado haujafungwa, pini zimejaa. Wakati huohuo mama mtu anataka picha amtumie shangazi Muscat, mama mdogo anataka amtumie dada Mbeya. Kila mmoja ana nia njema. Na kila picha ikishatoka haina mlango wa kurudia.

Sisi kwa simu yetu tulipiga gauni likiwa limevalishwa sanamu, au limetundikwa kwenye henga. Kama lazima livaliwe, tunapiga kuanzia shingoni kushuka, mkono ukiwa umefunikwa. Kamera yenyewe ilitusaidia kwa udhaifu wake. Mama mmoja alituambia, "Hiyo yenu pigeni tu, haionyeshi kitu."

Mwaka 2015 tulikuwa na binti mmoja, harusi yake ilikuwa imebakiza siku nane. Alikuja kujaribu gauni na watu watatu wa upande wa bwana harusi. Mmoja wao, wifi mtarajiwa, alikuwa na simu kubwa ya kioo, akapiga picha wakati sisi tumeinama tunapima pindo. Hakuna aliyemwona. Usiku ule picha ikaingia kwenye kundi la familia yao, kundi lenye wajomba, binamu na marafiki wa bwana harusi. Asubuhi binti akapigiwa na rafiki yake akaambiwa gauni lako zuri, halafu akaambiwa na nywele zako pia.

Alikuja dukani analia kilio kile kisicho na sauti. Alisema hatalivaa. Hakusema hataki harusi, alisema gauni lile halimsitiri tena, kila atakayemwona ndani yake atakuwa ameshamwona bila mtandio. Mama yake alikuwa anamgombeza, eti picha imeshafutwa. Sisi hatukuweza kumwambia amekosea, kwa sababu hakukosea. Binti ameitunza stara yake miaka ishirini na miwili, mtu mwingine ameitoa kwa sekunde moja, halafu yeye ndiye anaambiwa asizidishe.

Kushona jipya pesa haikuwepo, na lesi ile ilikuwa imekwisha kwa muuzaji. Tukalifumua. Tulitoa mikono yote, tukageuza kifua kikawa cha kufunga mpaka shingoni, tukaongeza shifoni juu kama koti refu, na shanga tukazihamisha kutoka kiunoni tukazipanga kwenye pindo la mkono. Siku tatu tulikula mezani pa cherehani. Siku ya nne akaja, akajitazama kwenye kioo, akamwambia mama yake, "Hili hawajaliona." Akalivaa. Siku ya nikahi tulimwona wifi yule akililaza vizuri rinda la nyuma lisikanyagwe. Hatukujua kama ni msamaha au ni shughuli tu, na hatukuuliza.

Tangu siku ile pana kikapu cha ukindu mlangoni pa chumba cha kujaribia. Kila anayeingia anaacha simu humo, awe mama, awe somo, awe anayelipa. Yetu nayo inatundikwa kwenye msumari nje, na mfuko wake. Kuna wateja waliokasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Na kuna waliokuja kutoka Mbeya kwa sababu walisikia habari ya kikapu.

Mwaka 2016, pale Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni, nusu ya mtaa wetu ilibaki imeshika vioo vilivyokufa. Sisi tulikuwa tumeshabonyeza *#06#, tukatuma namba kwenda 15090, tukajibiwa kwamba ni halisi. Tuliringa kidogo.

Lakini simu ina ajali yake iliyoandikwa mbali. Biashara ya simu ya Nokia iliingia mikononi mwa Microsoft mwezi wa nne mwaka 2014, na mwezi wa saba mwaka huohuo wakatangaza kuziacha simu za aina hii. WhatsApp nayo ilitangaza mapema kwamba simu zenye mfumo wa S40, na yetu ni mojawapo, zitahudumiwa mpaka tarehe 31 Disemba 2018. Hayo yalisemwa wazi, mwenye masikio alisikia.

Maongezi ya simu ile hayahamishiki kwenda kwenye simu ya Android. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili tulinunua kaunta buku ya kwaya tatu, na kila usiku baada ya Isha mmoja alisoma, mmoja aliandika. Jina, mji, tarehe, vipimo, mtindo. Miaka mitano ya wanawake. Tulicheka sana. Kuna aliyekuwa kiuno ishirini na sita mwaka 2014 ambaye juzi tumempima thelathini na tisa, watoto wanne, mashaallah. Kuna aliyeagiza gauni la harusi, akanyamaza miezi sita, kisha akaandika "fundi lile gauni nipunguzie liwe la kawaida", na sisi tulipunguza bila kuuliza bwana harusi alikwenda wapi. Kuna mmoja ameshatangulia mbele ya haki. Vipimo vyake tuliviandika pia, hatukujua namna ya kuviruka. Usiku ule tuliishia hapo.

Sasa jibu la swali lenu. Ukiikuta Asha 210 inauzwa leo kwa ajili ya WhatsApp, usiinunue, hata muuzaji akikuonyesha kitufe kinang'aa. Kitufe kipo, nyuma yake hapana kitu. Ukitaka simu ya kupiga, kupokea pesa na kusikiliza redio huku unashona, na unaipata kwa bei ya kilemba, chukua, ila angalia betri isiwe imevimba. Kwa biashara ya rangi na mitindo nunua simu ya kioo kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Sisi tumenunua. Inaonyesha rangi vizuri, inaonyesha na kila kitu kingine, ndiyo maana kikapu cha mlangoni tumekibadilisha, kile cha kwanza kilikuwa kidogo.

Na ukiuza au ukigawa simu ya zamani, usisahau kadi ya kumbukumbu. Picha nyingi hujihifadhi humo kimyakimya, na kijana wa duka la simu anazo zana za kuzisoma hata ulizodhani umezifuta. Kwenye yetu kulikuwa na magauni zaidi ya mia mbili, mengi yakiwa na mwenyewe ndani yake, ingawa hayana vichwa. Hizo ni amana za watu. Tuliwapigia wote ambao namba zao bado zinaita, tukawauliza nani anataka picha yake kabla hatujaiharibu kadi. Wengi walisema haribuni. Mama mmoja wa Makambako alitaka yake, ya mwaka 2014. Tuliitoa, tukamtumia kwa simu mpya. Akakaa kidogo, akajibu: "Ndiyo hii tu? Mbona ndogo kama stempu." Tukamwambia ndiyo hiyo. Kisha tukachukua mkasi wa kukatia turubai tukaikata kadi vipande vinne.