Watoto wa Shinyanga wajifunza kuogelea Chato

Ukikulia Shinyanga, maji unayoyajua ni ya lambo la mifugo na majaruba ya mpunga, na wazazi huwakataza watoto kuyachezea kwa kuogopa kichocho. Ndiyo maana watoto wa kaka yangu, wa miaka tisa na saba, hawakuwahi kuogelea mpaka tulipowapeleka Chato likizo hii ya Juni.

Tulipitia Mwanza. Zamani Kigongo kulikuwa na foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita tatu. Kisha Sengerema, Geita mjini, Katoro yenye pikipiki zisizohesabika, Buseresere, halafu ziwa.

"Shangazi, hii ndiyo bahari?"

Mzee mmoja mvuvi alikubali kuwafundisha. Siku ya kwanza ilikuwa ya kupuliza mapovu na kulala chali tu, mkono wake ukiwa chini ya mgongo wa mtoto.

"Ukikakamaa utazama," alisema.

"Mbona gogo limekakamaa na linaelea, babu?"

Mzee alicheka, jibu hakuwa nalo. Siku ya tatu yule mkubwa alielea peke yake.

Alasiri upepo ukivuma, vijana wa pale hulalia madumu matupu au ubao wa mtumbwi uliovunjika, wimbi likawabeba hadi mchangani. Watalii hulipa fedha nyingi kujifunza mchezo kama huo baharini. Wetu waliishia kutazama, huku wakininunia.

Kichocho kipo ziwani pia. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta taulo hakutoshi. Tuliingia asubuhi, mbali na majani, lakini hilo hupunguza hatari tu. Mwenye bwawa la kuogelea lenye klorini karibu aanzie huko. Sisi hatuna, na kwetu kuna malambo na mashimo ya wachimbaji yanayojaa maji kila masika. Kichocho kina tiba. Mtoto akizama, hakuna dawa.

Usikimbilie kumpa mtoto prazikwanteli kesho yake: haiui minyoo michanga, na mayai huchelewa kuonekana kwenye choo. Wetu watapimwa mwishoni mwa Agosti. Yule mdogo ameshauliza kama Desemba ataruhusiwa kupanda dumu.