Gari la mazutu likigoma asubuhi ya baridi

Mimi si fundi, nauza viazi. Lakini gari la zamani linalopeleka viazi vyetu Sake na Goma ndilo pia linalobeba mama akishikwa na uchungu usiku. Likigoma, si biashara tu inayolala.

Huko Walikale, kwenye joto la msitu, linawaka mara moja. Huku milimani Masisi, alfajiri, lilikuwa linakohoa tu na kutoa moshi mweupe. Wengi walisema ni batri, tukaanza kuchanga.

Dereva wetu akatueleza. Mota ya mazutu haina cheche: hewa inakandamizwa mpaka inapata moto wa kuwasha mazutu. Chuma kikiwa baridi, kinanyonya moto ule. Ndiyo maana kuna buji za kupasha moto, moja kwa kila silinda. Letu lina nne.

Alifungua waya unaoziunganisha. Akaunga taa ndogo kwenye chanya ya batri, akagusa buji moja moja. Buji nzima inawasha taa. Tatu hazikuwasha. Batri haikuwa na shida, na mchango wetu ukanunua buji.

Basi kabla ya kuchangia batri, muulizeni dereva: buji umepima? Asubuhi angoje taa ya buji izimike ndipo awashe mota. Na makaa chini ya mota msikubali kabisa: mazutu yakivuja, gari linaungua, na mama mgonjwa anabaki nyumbani.